Pilipili, ganzi au kidonge? Kuchagua dawa ya maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi

Shangazi yangu alipougua mkanda wa jeshi, malengelenge yalikauka ndani ya wiki tatu. Maumivu yakabaki. Miezi minne baadaye alikuwa bado analala upande mmoja, na kanga ikimgusa ubavuni anashtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na dawa. Nilipofika kwake nilikuta kikapu kizima: chupa ya mafuta ya kuchua yenye harufu ya kupasua pua, tyubu ya krimu ya pilipili iliyopakwa mara tatu ikaachwa, jeli ya ganzi, karatasi ya gabapentini iliyoliwa nusu, na vidonge vya diklofenaki. Akaniuliza swali ninaloulizwa kila siku, maana mimi kazi yangu ni famasi: "Mwanangu, katika hizi ipi ndiyo yenye nguvu?"

Nilichomjibu siku ile ndicho ninachokiandika hapa kwa urefu, kwa sababu wako wengi wenye kikapu kama chake. Dawa zile huwezi kuzipanga kwa nguvu, toka ndogo hadi kubwa. Kila moja inashika mlango wake kwenye mshipa wa fahamu, na kila moja ina saa yake ya kuanza kazi. Mtu asiyejua hilo hutupa dawa inayomfaa siku ya tatu, akaendelea na isiyomfaa mwaka mzima.

Milango yenyewe

Ncha ya mshipa wa fahamu iliyoko kwenye ngozi ni nyembamba kuliko unywele. Katika utando wake kuna protini zilizojikunja zikawa kama milango midogo. Inaitwa milango ya ayoni, kwa kuwa kinachopita hapo ni chembe zenye chaji: sodiamu, potasiamu, kalsiamu. Mlango ukifunguka chaji inaingia, na ikiingia ya kutosha umeme mdogo unakimbia kwenye mshipa hadi uti wa mgongo, na kutoka hapo hadi ubongoni. Hapo ndipo unaposema inauma.

Milango mingine ni ya kupokea habari kutoka nje. Maarufu kuliko yote ni TRPV1, uliotambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius kule San Francisco. Unafunguliwa na joto linalozidi kama nyuzi 43 za selsiasi, na unafunguliwa vilevile na kapsaisini, kile kilicho ndani ya pilipili. Kwa hiyo ulimi unaposema pilipili "inawaka", hausemi kwa mfano. Mlango uliofunguka ni ule ule wa moto. Mwaka 2002 ukapatikana mlango wa baridi, TRPM8, ambao mentholi, ile inayoleta ubaridi kwenye mafuta ya kuchua, inaufungua. Julius na Ardem Patapoutian waliufikia kila mmoja katika maabara yake, na mwaka 2021 wakagawana Tuzo ya Nobeli ya tiba kwa kazi yao kuhusu joto, baridi na mguso. Ndege nao wana TRPV1, ila wa kwao hausikii kapsaisini. Ndiyo maana utawaona wakidonoa pilipili kichaa shambani bila wasiwasi na kwenda kuziangusha mbegu kwingine.

Kundi la pili ni milango ya sodiamu, inayoibeba habari hiyo na kuikimbiza. Katika mishipa ya maumivu, miwili ndiyo inayosemwa sana: Nav1.7 na Nav1.8. Umuhimu wa Nav1.7 ulidhihirika mwaka 2006, baada ya watafiti kufuata habari za mtoto mmoja wa kaskazini mwa Pakistan aliyekuwa akitafuta riziki barabarani kwa kujichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Hakuwa akisikia maumivu kabisa. Alikufa kabla hawajamfikia, baada ya kuruka kutoka juu ya paa, akiwa na miaka kama 14 hivi. Katika familia zenye hali hiyo, jeni ya mlango huu ilikuwa imeharibika. Wapo na watu wa upande wa pili, ambao Nav1.7 yao inafunguka kirahisi mno. Hao miguu na mikono inawaka moto kwa joto dogo tu, hata kwa kuvaa soksi.

Milango hii inafanana lakini si mmoja. Wavuvi wa pwani wanamjua bunju, samaki anayejivimbisha akawa mpira. Sumu yake inaziba Nav1.7 barabara, lakini Nav1.8 inaistahimili. Na kwenye nchi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia anaishi fuko yule asiye na manyoya, ambaye ukimdondoshea tindikali kwenye ngozi hashtuki, Nav1.7 yake ina umbo linalofanya tindikali yenyewe izime mshipa badala ya kuuchokoza. Ninavileta viumbe hivi kwa sababu moja: mabadiliko madogo kwenye mlango mmoja yanatosha kubadili maumivu yote ya kiumbe. Dawa nazo zinapita hapo hapo.

Kundi la tatu ni milango ya kalsiamu iliyoko mwisho wa mshipa, ndani ya uti wa mgongo. Umeme ukifika pale, milango hiyo ndiyo inayoruhusu kemikali kumwagwa ili mshipa unaofuata upokee habari.

Sasa turudi ubavuni kwa shangazi. Kirusi cha mkanda wa jeshi ni kile kile cha tetekuwanga. Kinabaki kimelala kwenye vinundu vya mishipa kando ya uti wa mgongo kwa miaka mingi, kikiamka kinautafuna mshipa mmoja, na ndiyo maana vipele vinafuata mstari mmoja upande mmoja wa mwili. Mshipa uliojeruhiwa unajirundikia milango ya sodiamu na kuanza kujipigia umeme wenyewe, bila moto, bila kidonda. Maumivu yakipita miezi 3 baada ya vipele kupona, yanahesabiwa kuwa ni ya mshipa wenyewe.

Hapo diklofenaki ya shangazi ilikwisha kazi. Dawa za jamii yake, pamoja na ibuprofeni, zinapunguza kemikali za uvimbe ambazo huifanya TRPV1 na Nav1.8 ziwe wepesi wa kufunguka. Zinafaa kwa goti lililovimba au jino. Uvimbe ukishaondoka na mshipa ukabaki unajipigia wenyewe, hazina cha kupunguza. Kinachobaki ni kuumiza tumbo na figo za mtu mzima wa miaka 68. Hiyo niliitoa kikapuni kwanza.

Krimu ya pilipili na jeli ya ganzi

Hizi mbili ndizo zinazochanganywa zaidi, maana zote zinapakwa pale pale panapouma. Kazi zao zinapishana kabisa.

Kapsaisini inaanza kwa kuumiza. Inafungua TRPV1, kalsiamu inamiminika ndani, na ubongo unapokea habari ya moto usiokuwepo. Ukirudia siku baada ya siku, ncha ya mshipa inazidiwa na kalsiamu ile. Inanyamaza, kisha inajivuta nyuma kutoka ngozi ya juu, na huchukua wiki kadhaa hadi miezi kuota tena. Nafuu inatoka hapo. Krimu ya kawaida, ya asilimia 0.025 au 0.075, inatakiwa ipakwe mara tatu hadi nne kwa siku, kila siku, na wiki moja au mbili za mwanzo ndizo za kuwaka zaidi. Nafuu inahesabiwa kwa wiki. Shangazi alipaka mara tatu, ikamchoma, akaiacha. Yaani alilipa gharama yote ya dawa ile akaondoka kabla ya kupewa mzigo wake. Simlaumu hata kidogo. Aliyemuuzia hakumwambia lolote, na hilo ni kosa letu sisi tunaokaa nyuma ya kaunta.

Lidokeini, dawa iliyomo kwenye jeli ya ganzi, haifungui kitu. Inapenya ndani ya mshipa na kuziba milango ya sodiamu kutokea ndani. Ndugu yake wa kale ni kokeini, ambayo Karl Koller aliionyesha mwaka 1884 kule Vienna kuwa inatia jicho ganzi. Lidokeini yenyewe ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren, na mpaka leo ndiyo sindano anayokuchoma daktari wa meno. Ina tabia moja ninayoipenda: inashika zaidi ile milango inayofunguka mara kwa mara. Mshipa unaopiga kelele unanyamazishwa kabla ya mshipa uliotulia. Kwa sababu hiyo plasta ya lidokeini ya asilimia 5 inaweza kupunguza maumivu bila ngozi kufa ganzi kabisa. Plasta hiyo hukaa kwenye ngozi kwa muda wa saa 12, kisha hubanduliwa ngozi ipumzike kwa muda kama huo, na plasta hazizidi tatu kwa wakati mmoja. Usipoipata, jeli au marhamu ya lidokeini inafanya kazi kwa mlango ule ule, ila huisha mapema na inapangusika na nguo.

Ukiziweka sambamba, tofauti kubwa ni saa. Lidokeini utaisikia siku hiyo hiyo, na ukiiondoa inaondoka na nafuu yake. Kapsaisini haikupi kitu leo, tena inakutoza kwanza, lakini ikishika inashika mshipa wenyewe.

Tofauti ya pili ni aina ya maumivu. Mtu ambaye tatizo lake ni mguso, yule asiyevumilia kanga, shuka au upepo wa feni, mimi nampa lidokeini kwanza. Sababu moja ni ya kibaolojia: kelele za mshipa unaojipigia ndizo lidokeini inazozima vizuri. Sababu nyingine ni ya nyumbani tu. Utamwambiaje mtu asiyeweza kuguswa asugue krimu mara nne kwa siku mahali pale pale? Kapsaisini ninaiweka kwa mwenye sehemu ndogo inayowaka moto muda wote, anayevumilia kuguswa, na mwenye subira au mtu wa kumkumbusha.

Tofauti ya tatu ni mahali. Mkanda wa jeshi wa usoni, karibu na jicho, kapsaisini isikaribie. Na zote mbili zisipakwe kwenye malengelenge mabichi au ngozi iliyochubuka. Lidokeini ikipita kwenye ngozi iliyochanika, au ikipakwa eneo kubwa na kufunikwa kwa nailoni, inaweza kuingia kwenye damu kwa wingi, na milango ya sodiamu iko pia moyoni na ubongoni: moyo unaweza kwenda mrama na mtu akapata degedege. Hili nalisema kwa mkazo kwa mama wanaowapaka watoto jeli ya ganzi kwenye fizi meno yanapoota. Msifanye hivyo.

Ipo kapsaisini nyingine, plasta ya asilimia 8, zaidi ya mara 100 ya krimu. Marekani iliiidhinisha mwaka 2009 kwa maumivu haya haya. Hubandikwa na mhudumu wa afya mwenye glavu kwa saa moja, na anayefaidika hupata nafuu ya hadi miezi mitatu kwa kubandikwa mara moja. Ushahidi wake ni mzuri kuliko wa krimu, ambao kusema kweli ni mwembamba. Huku kwetu plasta hiyo haijazoeleka madukani. Nimeitaja kwa sababu ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani huwa wanauliza kama waitume. Haitumwi, hubandikwa kliniki, tena shinikizo la damu likiangaliwa, kwa kuwa linaweza kupanda mtu anapochomwa namna ile.

Wapo wanaoniuliza kwa nini wasitwange pilipili mbuzi wakajipaka. Kipimo. Pilipili moja na nyingine hazina kapsaisini sawa, na unaloweza kupata ni ngozi iliyoungua juu ya mshipa ulioungua. Na kwa yeyote aliyejipaka krimu na kujigusa jicho: maji peke yake hayaiondoi kapsaisini mkononi, kwa kuwa inayeyuka kwenye mafuta. Futa mikono kwa mafuta ya kula kwanza, kisha sabuni. Jicho lenyewe lisafishwe kwa maji mengi safi, bila mafuta.

Mafuta ya kuchua

Mentholi inashika TRPM8. Mlango huu kwa kawaida unafunguka ngozi ikipoa chini ya nyuzi 26 hivi; mentholi inaufanya ufunguke hata kwenye joto la kawaida, na ile habari ya ubaridi ikifika kwenye uti wa mgongo inapunguza njia ya maumivu. Panya walioondolewa mlango huo hawakupata nafuu ya mentholi, kwa hiyo hii si harufu tu inayomdanganya mgonjwa. Ni nafuu ya kweli, inaanza ndani ya dakika, inaisha ndani ya saa. Kwa misuli iliyokazwa na jembe au shingo iliyolala vibaya sioni haja ya kupita hapo.

Kwa mshipa uliojeruhiwa ni bahati nasibu. Baadhi ya watu baridi inawatuliza, na wengine mshipa wao unasoma baridi kama maumivu, na mentholi ikiwa nyingi inaumiza yenyewe. Pima kwa kupaka kidogo upande mmoja. Kisha kuna kuchua kwenyewe: shangazi alichuliwa na jirani mwenye nia njema, ubavu ule ule usiovumilia kanga, akalia usiku kucha. Usiweke chupa ya maji ya moto juu ya mentholi, maana ngozi inaambiwa ni baridi huku inaungua. Na chupa ikae mbali na watoto. Kafuri iliyomo kwenye mengi ya mafuta haya ikimezwa na mtoto inaleta degedege.

Karafuu inastahili sentensi zake hapa, ingawa ubavuni haina kazi. Yujeno, mafuta makuu ya karafuu, inagusa TRPV1 na wakati huo huo inaziba milango ya sodiamu, yaani inachoma kidogo kama pilipili kisha inatia ganzi kama lidokeini. Bibi zetu wa Unguja na Pemba waliokuwa wakibana punje ya karafuu kwenye jino bovu walikuwa wameshika milango miwili kwa mkono mmoja, na madaktari wa meno wanaitumia yujeno hadi leo katika saruji ya kuzibia. Punje, sawa. Mafuta makali ya karafuu yasiyochanganywa yanaunguza fizi, na mtoto asimeze.

Vidonge

Krimu zinafanya kazi pale zinapopakwa. Mkanda wa jeshi ukiwa umechukua mgongo mzima hadi kifuani, au maumivu yakimnyima mtu usingizi, kidonge kinahitajika, na hapa ni kwa cheti cha daktari.

Gabapentini na pregabalini ni ndugu. Zinashika kipande cha pembeni cha mlango wa kalsiamu, kule mwisho wa mshipa, kemikali zikamwagwa kidogo kuliko zilivyokuwa. Gabapentini inaanzwa kidogo, mara nyingi miligramu 300 usiku, ikapandishwa taratibu. Dozi inayofanya kazi kwa wengi ni 1,200 kwa siku na kuendelea. Shangazi alikuwa ameandikiwa, akala 300 kwa wiki moja, akaona haina maana. Kwa dozi ile isingeweza kuwa na maana. Pregabalini inafika kwenye dozi ya kazi mapema zaidi, na kwa asiyeweza kufuata ratiba ya kupandisha mimi naona ni rahisi kuifuata. Zote zinaleta usingizi, kizunguzungu na miguu kuvimba, zote zinatolewa na figo, hivyo mwenye figo dhaifu hupewa kidogo. Usizichanganye na pombe wala dawa za jamii ya mofini bila daktari kujua, pumzi inaweza kulegea. Na usiache ghafla.

Amitriptilini ni mzee wa kazi. Ni dawa ya zamani ya sonona, inaongeza nguvu za njia ya ubongo inayokandamiza maumivu, na juu yake inaziba milango ya sodiamu. Bei yake ni ndogo na inapatikana hadi vituo vya wilaya. Katika mapitio makubwa ya tafiti, dawa za jamii yake zinahitaji kupewa watu kati ya 4 na 5 ili mmoja apate nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kitupu, kile kisicho na dawa ndani. Jamii ya gabapentini watu 7 hadi 9. Plasta ya kapsaisini ya asilimia 8, watu 10 hadi 13. Ukizisoma tarakimu hizo peke yake utasema amitriptilini imeshinda. Kwa kijana wa miaka 35 mwenye afya, ndivyo ninavyoona. Kwa mtu mzima ni jambo la kufikiriwa: inakausha mdomo, inazuia mkojo kwa mzee mwenye tezi dume, inabadili mapigo ya moyo, haifai kwa mwenye presha ya jicho, na akiamka usiku kwenda msalani anaweza kuanguka akavunja nyonga. Inaanzwa na miligramu 10 au 25, jioni.

Tarakimu zile zinasema na jambo jingine ambalo wagonjwa wanastahili kuambiwa kabla ya kununua. Hakuna hata moja inayomfaa kila mtu. Ukijaribu moja kwa dozi yake na muda wake ikakataa, hujashindwa wewe. Unahamia mlango mwingine.

Kabamazepini nitaipitia haraka. Inaziba milango ya sodiamu, na ni ya kwanza kwa ugonjwa mwingine: shoti za umeme upande mmoja wa uso zinazokuja mtu akitafuna au kupiga mswaki. Kwa mkanda wa jeshi si chaguo la mbele. Ila wanaotumia ARV wasikie: kabamazepini inaiondoa dolutegraviri, mojawapo ya ARV, mwilini upesi, na daktari hulazimika kuiongeza dolutegraviri iwe mara mbili kwa siku, inavuruga pia vidonge vya uzazi wa mpango. Mkanda wa jeshi kwa vijana mara nyingi unaambatana na VVU, kwa hiyo hili ni jambo la kila siku hapa kwetu. Mwenye mkanda wa jeshi ambaye hajapima, apime.

Milango inayochongewa ufunguo sasa

Tarehe 30 Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, kidonge cha kwanza kinachoziba Nav1.8 peke yake. Kwa kuwa mlango huo hauko ubongoni kwa kazi ya maana, dawa haileti ulevi wa mofini. Imeidhinishwa kwa maumivu makali ya muda mfupi, kama ya baada ya upasuaji. Kwa mshipa uliojeruhiwa bado. Katika majaribio ilishinda kidonge kitupu, lakini haikuishinda ile ya jamii ya mofini iliyochanganywa na parasetamo. Kidonge kimoja kilitangazwa kwa dola 15.50. Msiagize.

Kabla yake, wengi walijaribu kuziba Nav1.7 kwa matumaini ya yule mtoto wa Pakistan, wakakwama. Waliojaribu kuifunga TRPV1 kwa kidonge nao walikutana na jambo lisilotarajiwa: joto la mwili wa wagonjwa lilipanda, na baadhi wakawa hawatambui maji ya moto hadi yawaunguze. Mlango ule una kazi nyingine, na kuufunga wote kuna bei. Koboko naye amechangia: mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walipata katika sumu yake protini ndogo zinazoziba milango inayofunguliwa na tindikali, zikawatuliza panya kwa kiwango cha mofini bila kuwakaba pumzi. Hiyo bado ni ya maabara. Ya konokono wa baharini imeshafika hospitalini tangu 2004, inaitwa zikonotidi, inaziba mlango wa kalsiamu na hutiwa kwa pampu moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Jamaa za konokono huyo, wenye magamba mazuri ya umbo la pia, wapo kwenye miamba ya pwani yetu. Watoto wasiwaokote, mmoja wao anaua mtu.

Tulivyochagua

Ningemkuta shangazi ndani ya saa 72 za vipele vya kwanza, nisingezungumza habari ya krimu. Ningemkimbiza akapewe asikloviri, miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba, ili kirusi kizuiwe kabla hakijautafuna mshipa. Mwenye vipele vipya anayesoma hapa aanzie huko leo hii.

Lakini miezi minne ilikuwa imekwisha pita, kwa hiyo nilimuuliza maswali matatu. Inauma vipi? Akasema ni kama kuguswa na pasi, hasa nguo ikipita, na usiku kuna shoti. Imechukua eneo gani? Kiganja na nusu, chini ya ziwa la kulia hadi mgongoni. Una ugonjwa gani mwingine? Presha, na figo hazijapimwa siku nyingi.

Mguso na shoti zilinipeleka kwenye milango ya sodiamu: lidokeini, asubuhi, juu ya ngozi iliyokwisha pona, kitambaa laini cha pamba juu yake, inaondolewa jioni. Umri na presha vilinifanya nisiisukume amitriptilini. Daktari alimpima figo, akarudisha gabapentini na kuipandisha kwa wiki tatu, na binti yake ndiye aliyeshika ratiba ukutani. Mafuta ya kuchua yakaenda kwa jirani mwenye mgongo. Krimu ya pilipili tuliiweka juu ya kabati, kwa makubaliano kwamba mguso ukitulia na moto ukabaki, tutaianza upya kwa mwezi mzima bila kukatisha, na nikamwambia mapema kwamba itamchoma.

Wiki ya saba alinipigia simu asubuhi kuniambia amelalia ubavu wa kulia. Maumivu bado yapo. Mwanzo alikuwa akiyapa nane kwa kumi, sasa anayapa nne, na ameniuliza tuishushe lini ile tyubu iliyoko juu ya kabati.